Mpiga Hodi wa Mto Luwila

Kazi yangu ilikuwa kuomba ruhusa kwa niaba ya mto. Watu wa Masimbwe walituita wapiga hodi. Tulikuwa sita, na mimi, Tunu Mgaza, nilikuwa na sifa ya kutorudi mikono mitupu. Mvua ikizidi, mashine yetu tunayoiita Sikio hutafuta pa kuyaweka maji, na mmoja wetu hupanda pikipiki kwenda kwa mwenye mahali hapo, husimama mlangoni pake, huita. Akiitikiwa, maji yanaingia. Asipoitikiwa mara tatu anarudi zake kama mgeni yeyote, na Sikio linatafuta kwingine.

Januari ile joto lilitukaa vichwani siku ishirini. Hewa ya moto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi, hilo kila mtoto wa shule wa Masimbwe analijua, kwa hiyo sote tulikuwa tunatazama juu kwa woga. Siku ya ishirini na moja, saa mbili asubuhi, mbingu iliachia. Haikuwa mvua ya matone. Yalikuwa maji yaliyosimama wima kati ya mbingu na milima ya Mhoza, na milima yenyewe haikuwa na mti hata mmoja wa kuyapunguzia mwendo, maana babu zetu walishaichoma mkaa yote. Ilipofika saa sita mchana, Sikio likasema nami.

"Luwila itafika darajani saa tisa na robo. Daraja litaziba kwa magogo. Mtaa wa Kisiwani una watu elfu tisa. Waliohama ni elfu mbili."

Sikio ni kijisanduku kisichozidi kiberiti, tunakifunga mkononi kama saa. Nyuma yake kuna mashine inayosikiliza mto mzima kwa vipimo elfu kumi vilivyozikwa mchangani, toka milimani mpaka mjini. Halijawahi kudanganya, wala halijui kubembeleza.

"Pa kuyaweka?" niliuliza.

"Kwa-Mhoza, mashamba ya Bi. Kidawa Mbiki. Akikubali, Kisiwani itapata maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu tu."

Kwa Bi. Kidawa nilishakwenda mara mbili, na zote mbili nilikwenda kama mwizi.

*

Njia ya Kwa-Mhoza inapita juu ya tuta, na tuta la Luwila si tuta la kawaida. Liko hai. Wataalamu hawakulijenga, walilipanda: mizizi ya nyasi iliyozoeshwa kushuka mita kumi na mbili, ikasukwa pamoja na nyuzi za kuvu zinazokaza zikipitishiwa umeme wa betri za tuta lenyewe na kulegea umeme ukikatwa. Likikaza ni ukuta wa mita saba usiopitisha tone. Likilegea linalala chini taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti, maji yanapita juu yake, na yakiisha linainuka tena. Nimelipanda mara mia na bado huwa navuta pumzi kwanza. Siku hiyo lilikuwa linatetemeka chini ya magurudumu yangu.

Kushoto kwangu ulikuwa mto. Nilizima pikipiki nikasimama, japo sikuwa na dakika za kuchezea.

Luwila ninayoijua mimi mtu huivuka amekunja suruali. Hii ilikuwa na upana wa viwanja kumi vya mpira, rangi ya chai ya maziwa, na katikati imevimba, iko juu kuliko pembeni. Sikujua kwamba maji yanaweza kuwa na mgongo. Mkuyu mzima ulipita umesimama wima na mizizi yake, kama una safari zake. Likafuata paa la nyumba, na juu ya paa jogoo, katulia, anatazama huku na huku. Kishindo hakikuwapo. Kulikuwa na mngurumo wa mawe makubwa yakibingirika chini kabisa ya maji, na ulinipanda miguuni mpaka kwenye meno. Niliogopa sana, na katikati ya woga ule nilipendezwa mpaka machozi yakanilenga. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti, peke yangu juu ya tuta, nikawasha pikipiki.

Sheria ya hodi ilitungwa baada ya mwaka ambao mashine iliachiwa iamue yenyewe. Iliyamwaga maji mahali ilipoona pana watu wachache, na wachache wale walikuwa usingizini. Tulizika kumi na saba. Ikaandikwa kwamba maji hayataingia kwa mtu bila hodi. Na kwa kuwa wenye mashamba wengi ni wazee wasiopenda makaratasi, wataalamu wakarahisisha mambo. Hakuna kusaini wala kuweka dole gumba. Hodi ipigwe, mwenye ardhi aseme karibu, Sikio litambue sauti yake, tuta lilale.

Wataalamu wale hawakutoka mbali. Walizaliwa bonde hili hili, wakachapwa na mama zao kila walipoacha hodi ya mgeni ikining'inia. Ndiyo maana hawakuliona kosa lao. Kwetu hakuna anayesikia hodi akauliza kwanza unataka nini. Utaitikia ukiwa mgonjwa, utaitikia ukiwa umekasirika, utaitikia katikati ya ugomvi na mumeo, halafu ndipo uchungulie ni nani. Tuliiweka ruhusa mahali ambapo watu wetu hawajui kukataa.

Mimi nililijua hilo, na nililitumia kwa wasiojua karibu yao inafanya nini. Mwaka juzi Bi. Kidawa alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Niliita kutoka njiani, akajibu "Karibuuu!" bila kuacha mchi, na kabla hajatokea kunilaki Sikio lilishasema "Imepokelewa." Mwaka jana aliitikia huku anamwogesha mjukuu. Nilimwambia tu kwamba mto unakuja, ahame upesi. Alihama, akanishukuru.

*

Nilifika saa saba na nusu. Nyumba yake iko kwenye kiinuko kidogo, na chini yake mashamba ya mpunga, ekari thelathini, mashuke yameanza kuinama. Zilibaki wiki tatu avune. Mlango ulikuwa wazi, redio inaimba, harufu ya dagaa wanaokaangwa imejaa uani.

Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mvua ilinipiga kichwani. Nilisimama pale kama mjinga, bila hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mtu tangu nizaliwe.

"Dakika mia moja na tano," Sikio lilinikumbusha.

Bi. Kidawa alitoka na sufuria akamwage maji, nusura aiangushe.

"Ala! Tunu? Mtu mzima unaingia kwa watu kimya kimya kama mwizi wa kuku! Hodi umeiacha wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza hodi umeiacha wapi."

"Nimeogopa kuipiga."

Alinitazama usoni, kisha mkononi, kwenye kile kijisanduku. Nikamweleza yote pale pale kwenye mvua, kwa haraka, kwa kuwa ningesita kidogo tu ningepata njia ya kudanganya. Nilimwambia jinsi Sikio linavyosikiliza na jinsi karibu yake inavyolaza tuta. Nikamwambia habari ya mchi, na ya mtoto aliyekuwa anaogeshwa.

Alikaa kwenye kizingiti bila kuiweka sufuria chini.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeyaita," alisema.

"Ni mimi, mama. Niliiba sauti yako."

"Mwaka juzi mchanga ulinifika hapa." Aliweka kiganja juu ya goti. "Niliuzoa kwa karai miezi mitatu. Mwaka jana mizoga ikaingia kisimani, Hadija akaharisha mpaka akabaki macho matupu. Mama yake akaja kumchukua. Akaniambia, mama, hapa si pa kulelea mtoto. Tangu hapo sijamwona mjukuu wangu. Kila nikiswali namwuliza Mungu, nimekukosea nini? Miaka miwili namnung'unikia Mungu, kumbe ni wewe!"

Nililia, na mvua haikunisaidia kuficha.

"Usinililie. Sasa umekuja kufanya nini, kama hodi hupigi?"

"Nimekuja kuuliza kwa kweli. Ukisema hapana, naondoka."

"Na watu wa Kisiwani?"

"Nilipoondoka walikuwa wamebaki elfu saba. Wanahamishwa, lakini hawatawahi wote."

Bi. Kidawa alicheka kicheko kikavu. "Unanitwisha watu elfu saba kichwani, halafu unaniambia niko huru kukataa! Bora ungeendelea kuiba." Akainuka, akazima jiko, akajifunga khanga kichwani. "Hebu twende nikakione hicho kinachotaka kuingia kwangu."

*

Juu ya tuta alisimama akiutazama mto. Alikuwa amekaa kando ya mto huo miaka sitini, na niliona kwamba hakuwahi kuuona hivi. Mikono yake iliinuka yenyewe mpaka kifuani.

"Mkubwa," alisema polepole. "Mola wangu, mkubwa huu!" Kisha akageukia upande wa mji, ulioonekana chini bondeni kama kioo kilicholazwa. "Zamani ulipita wapi?"

"Nini, mama?"

"Mto. Marehemu mama alikuwa akisema haukupita darajani. Ulikuwa na njia yake. Kiulize hicho kidude chako."

Nikakiuliza. Miaka sita ya kazi, sikuwahi kukiuliza swali hilo.

"Mkondo wa zamani uliingia magharibi ya mji," Sikio lilijibu. "Ulienea kwenye bonde la ekari mia sita ukatulia humo. Bonde lilifukiwa miaka thelathini na moja iliyopita, likafunikwa kwa vigae vya jua."

Kile kioo tulichokuwa tunakitazama ndicho hicho. Vigae vya jua ndivyo fahari ya Masimbwe. Vinatoa umeme wa kutosha wilaya tatu, na vimebanana hata mchwa hapati pa kupenya. Mvua yote inayoanguka juu yake haiingii ardhini hata kijiko. Inateleza kwenda mtoni, na mto wenyewe umeshajaa mchanga wa milima iliyonyolewa. Tulikuwa tumeunyang'anya mto kitanda chake, kisha kila mwaka tunautafutia pa kulala kwa watu wengine.

"Ukiachiwa leo?" niliuliza.

"Bonde litachukua maji yote. Chini ya vigae kuna mchanga mkavu, kina chake mita arobaini."

"Mbona hujawahi kutuambia?"

"Liko kwenye orodha kila mwaka. Ni la kwanza. Hakuna aliyekwenda kupiga hodi."

Hapo ikaingia kwenye Sikio sauti ya Mhandisi Mwanjisi, mkuu wetu, kutoka ofisini. Alikuwa akisikiliza muda wote.

"Tunu, acha hayo. Lile tunaliruka kwa makusudi. Vigae vitang'oka, mji utakaa gizani mwaka mzima. Viwanda vitafungwa! Piga hodi kwa huyo mama, umalize kazi."

"Hospitali ina umeme wake, mhandisi."

"Sikusema hospitali. Nimesema mji."

Bi. Kidawa aliinamia mkono wangu kama anayezungumza na kiziwi. "We kidude! Pale anayepigiwa hodi ni nani?"

"Vigae havina mlango wa kupigiwa hodi," Sikio lilisema. "Mdomo wa mkondo unapita kwenye kiwanja kimoja tu cha makazi. Nambari tisa, Barabara ya Juu. Mwenye ardhi ni Tunu Mgaza."

Tuta lilitetemeka chini yetu.

Nyumba ile aliijenga marehemu mama yangu kwa cherehani. Alishona sare za shule miaka ishirini na mbili, na kila tofali la pale lina kaptura ya mtoto wa mtu ndani yake. Cherehani yenyewe ilikuwa bado dirishani, na chaki yake ya kukatia bado juu ya meza, maana baba hakutaka iguswe. Nilipewa mimi kwa kuwa kwetu ardhi hushuka kwa mama.

"Kuna mtu ndani?" Bi. Kidawa aliuliza.

"Hakuna. Baba yuko shuleni kilimani tangu asubuhi."

"Dakika sabini," lilisema Sikio.

Bi. Kidawa alirudi nyuma hatua mbili. Alijinyoosha khanga, akajipangusa uso, akasimama mbele yangu kama mtu aliyesimama mlangoni pa wenyewe.

"Hodi," alisema.

Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Nakumbuka nilikishika kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka midomo ikauma. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Sheria haisemi anayepiga hodi awe nani. Inasema ipigwe, na mwenye ardhi aitikie.

"Tunu, usithubutu!" mhandisi alipiga kelele.

Bi. Kidawa alisubiri. Hakunihimiza, wala hakunikazia macho. Alitazama pembeni kidogo, kama mgeni mwenye adabu anavyotazama pembeni asione yaliyomo ndani. Nilielewa kwamba ananipa kile nilichomnyima mara mbili, nafasi ya kufikiri, na nilitamani asinipe. Ni rahisi zaidi kuibiwa.

"Hodi hapa," aliita mara ya pili.

Nilimfikiria baba akirudi kutafuta dirisha la cherehani. Nilifikiria mchanga wa magotini na karai. Nikamfikiria Hadija, ambaye mama yake alimwondoa kwa sababu yangu bila kunijua. Hodi ikabaki moja. Baada ya hiyo Bi. Kidawa angeondoka zake, na mimi ningebaki na nyumba yangu, na hakuna sheria ya kunilaumu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Karibu, mama. Pita."

"Imepokelewa," lilisema Sikio.

*

Kilomita tatu chini yetu, tuta la magharibi lilipiga magoti.

Sijui kusimulia vizuri yaliyofuata, na sijakutana na aliyeyasimulia vizuri. Mto ulisita. Naapa ulisita, mgongo wake mzima, kama mtu aliyesikia jina lake la utotoni. Halafu ukageuza kichwa. Maji ya upana ule yaliacha daraja yakaelekea magharibi bila kishindo, yakijua njia, na nyumba ya mama ilikuwa ya kwanza kuyapokea. Ilisimama kuliko nilivyotegemea. Kisha ukuta wa jikoni ulienda, paa likainama, na nikageuza uso. Bi. Kidawa alinishika mkono, akauacha ndani ya wake.

"Tazama," alisema. "Usikose."

Vigae vilikuwa vinainuka. Vilianza ukingoni, safu kwa safu, vikisimama kama magamba ya samaki anayeparwa, na kila safu ilimeta mara moja kabla ya kuzama. Taa za mji zilizimika mtaa kwa mtaa. Ndipo tukasikia ardhi. Ilikuwa sauti ya kunywa, gu, gu, gu, ya ekari mia sita kwa pamoja, na mapovu yakapasuka kote bondeni, pumzi iliyofungiwa chini miaka thelathini na moja ikitoka. Harufu ilitufikia baadaye, ile harufu ya vumbi la kwanza kulowa, nzito mpaka mtu unataka kuila. Maji yaliendelea kuja na ardhi iliendelea kunywa. Nilisubiri ishibe. Haikushiba.

"Ilikuwa na kiu," Bi. Kidawa alinong'ona, na nilimwona analia yeye sasa.

Saa tisa na robo mto ulipita darajani ukiwa mdogo, na Kisiwani watu walitembea mitaani wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mimi na Bi. Kidawa tulijua kwamba mhandisi ananisubiri ofisini.

Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Tulishuka hadi nyumbani, Bi. Kidawa mbele, mimi nyuma nikikokota pikipiki. Mpunga ulikuwa umesimama wote. Aliupitisha mkono juu ya mashuke bila kusimama, akaingia ndani, nikamsikia akigombana na jiko.

"Utakufa na baridi hapo nje!" aliita. "Mbona huingii?"

Nilivua Sikio mkononi, nikalitundika kwenye usukani wa pikipiki, mbali na mlango, lisisikie. Nilipangusa miguu.

"Hodi," nilisema.

Ndani palikuwa kimya. Redio ilikuwa imezimika pamoja na umeme wa mji. Nilimsikia Bi. Kidawa akiweka kijiko chini. Kwa mara ya kwanza maishani nilisikia mtu akifikiri kabla ya kuitikia hodi, na nilisubiri bila kujua atasema nini. Nilipiga ya pili. Nilikuwa naivutia pumzi ya tatu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Dagaa wameungua, lakini karibu."

Niligeuka kulitazama tuta. Lilikuwa limesimama pale pale.